Nimeiacha Misumari Ilie

Mhariri, mmetuuliza wiki hii: ni burudani gani uliyoiacha kwa muda mrefu kisha ukairudia, na ulipoirudia ulikuta nini kimebadilika? Yangu ni kutembea na ditekta nikitafuta metali zilizofukiwa ardhini: sarafu, bizimu, vifungo, funguo, chochote kilichomdondoka mtu zamani akakitafuta asikione. Niliiacha miaka sita kwa ajili ya bega. Bega lilipopona, nikaitoa mashine uvunguni.

Cha kwanza nilichokikuta kilinitia uchungu. Nilikuwa nimeihifadhi na betri zake ndani. Nilipofungua kasha la betri, ukoko mweupe ulikuwa umetanda kwenye springi zote, kama chumvi iliyokaukia sufuriani. Betri za alkali zikikaa sana huvuja, na kinachovuja hula metali. Nilichovya pamba kwenye siki, nikasugua polepole, maana ukoko ule ni alkali na asidi ya siki huulegeza. Nikafuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi nikatia betri mpya, ikalia. Kama na wewe unayo mashine uliyoiweka pembeni, kazitoe betri kwanza, ndipo uje umalizie kusoma.

Baada ya hapo nilitoka mara tatu nikarudi mikono mitupu. Mashine ilikuwa nzima. Sikio langu ndilo lililokuwa limesahau.

Koili ya mashine hizi, yaani lile duara la waya lililo kwenye ncha ya chini, hutoa uga wa sumaku unaogeuka mara maelfu kwa sekunde. Uga huo ukikutana na metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu, ambao mashine huupokea. Jibu la msumari hutofautiana na jibu la sarafu ya fedha, na tofauti hiyo ndiyo mashine hutugeuzia kuwa sauti. Yangu hulia mlio mzito kwa chuma na mlio mwembamba kwa fedha na shaba. Katikati ndiko kwenye mtihani. Pete ya dhahabu na kile kipande cha alumini cha kufungulia kopo huweza kulia sawasawa kabisa, na namba ya kwenye skrini haikusaidii kuvitenganisha. Ni lazima uchimbe. Ukichoka kuchimba alumini, jua umeiacha na dhahabu humohumo.

Zamani nilikuwa na tabia moja ambayo sasa naijutia: niliifunga sauti ya chuma. Mashine ina kichujio, ukikiweka, misumari yote inanyamaza na unatembea kwa raha. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa najifunza upya, niliweka sarafu chini nyumbani, nikalaza msumari kando yake, nikapitisha koili. Kichujio kikiwa kimewashwa, kimya. Nilipokizima, ukaja mlio uliokatika: mzito, kisha kijisauti chembamba kama kinachotaka kusema kikazibwa mdomo. Nilirudia labda mara ishirini. Miaka yote ile, ni sarafu ngapi nilizipita zikiwa zimelala ubavuni mwa msumari?

Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alikwenda na kifaa cha aina hii kuitafuta risasi mwilini mwake. Hakuipata. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti, na daktari alimruhusu apime upande wa kulia tu, kwa kuwa aliamini risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Kisa hiki nilikijua tangu zamani, lakini sikuwahi kukihusisha na kichujio changu.

Kwa hiyo sasa naiacha misumari ilie. Inachosha, sikatai. Natembea nusu ya mwendo wangu wa zamani, koili ikiwa sambamba na ardhi, bila kuinyanyua mwisho wa kila mpigo. Kuinyanyua kunapoteza kina, na kina chenyewe ni kidogo: sarafu ya kawaida ikishapita sentimita 20 au 25, mashine nyingi haziisikii tena. Bega nalo limefurahia mwendo huu.

Kuhusu ruhusa sitanii kabisa. Siingii shamba la mtu bila idhini yake, shimo nililolifungua nalifunga, na kuna nchi nyingi ambako sheria hulinda vitu vya kale, nyingine zikitaka kibali cha serikali hata kabla hujaanza kutafuta. Mtu ninayemheshimu katika jambo hili ni Eric Lawes. Mwaka 1992, huko Hoxne, Uingereza, alikwenda kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani. Akaangukia hazina ya Kirumi yenye sarafu karibu 15,000 na vito vya dhahabu. Alipoona ukubwa wake aliacha kuchimba, wakatoa taarifa, na wanaakiolojia wakaja kukuta sehemu kubwa bado imelala kama ilivyozikwa. Kuacha kuchimba wakati ule! Hilo ndilo ninaloliwazia kila nikishika koleo. Nyundo nayo ilipatikana.

Mara ya nne nilisikia ule mlio uliokatika, kando ya njia ya miguu katikati ya shamba la mama mmoja aliyenipa ruhusa. Nikachimba, ukatoka msumari uliopinda, umevimba kwa kutu. Zamani hapo ningefukia nikaondoka. Nikapitisha koili tena juu ya shimo, na sasa, msumari ukiwa mkononi mwangu, mlio ukaja mwembamba na safi. Nilichokitoa kilikuwa kastabini ya shaba, imejaa udongo kama kikombe kidogo. Niliupangua kwa kijiti. Vile vishimo vya kuzuia sindano isiteleze vilikuwa bado vipo, ila upande mmoja vilikuwa vimelika hadi kuwa laini, pale aliyeivaa alipokuwa akisukumia sindano siku zote.

Mama mwenye shamba aliivaa kidole cha kati, haikupita. Akaihamishia kidole cha mwisho, ikakaa. Akaigeuza juani, akapapasa ule upande uliolika, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na kule ng'ambo ya mti umeshapita?"

Nilikuwa sijapita.