Lenzi ya midiamu fomati: usitazame wingi wa kublua peke yake

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kamera za midiamu fomati (zenye filamu au sensa kubwa kuliko za fulufremu, yaani 36x24mm) ni lenzi ipi inablua nyuma zaidi, yaani inafanya mandhari ya nyuma yawe ukungu. Jibu lake ni hesabu fupi: gawanya urefu wa fokasi (ule wa milimita) kwa namba ya f, upate kipenyo cha tundu la lenzi. Planar 110mm f/2 ya Hasselblad ina tundu la milimita 55, Pentax 67 105mm f/2.4 karibu 44, Planar 80mm f/2.8 karibu 29. Ukijaza fremu kwa uso uleule, tundu kubwa ndilo linaloyeyusha zaidi mandhari ya mbali. Kwa hesabu hiyohiyo, 85mm f/1.4 ya fulufremu (karibu 61) inaipita GF 110mm f/2 ya Fujifilm (55). Kwa hiyo usinunue GFX, kamera ya midiamu fomati ya Fujifilm, kwa ajili ya kublua tu.

Uzuri wa blua ni habari nyingine, na kwangu ndio muhimu. Msimamishe mtu mbele ya mwarobaini, jua likipenya kwenye majani. Kila nukta ya mwanga hugeuka kisahani. Ikuze picha, tazama kingo. Lenzi iliyosahihishwa kupita kiasi miale yake ya pembezoni hutoa visahani vyenye ukingo unaong'aa kuliko katikati. Vikipandana, majani yote huwa vurugu nyuma ya kichwa cha mtu. Visahani vinavyofifia taratibu kuelekea ukingoni ndivyo unavyovitaka. Angalia na kona za picha, maana huko hubanwa vikawa na umbo la lozi.

Kisha funga apecha, yaani tundu la lenzi, hatua moja. Planar 80mm ina vibamba vitano vinavyounda tundu hilo, na taa zote za nyuma hugeuka pembetano. Wapo wanaozipenda. Mimi kwenye harusi za usiku zinaniudhi sana: jicho linakimbilia zile pembe, linamwacha bibi harusi. GF 110mm ina vibamba tisa vilivyopinda, kwa hiyo taa hubaki karibu duara.

Kwa picha za watu ningechukua Pentax 105mm. Kwenye filamu ya 6x7 inaona upana wa karibu 50mm ya fulufremu, hivyo mtu anabaki na mazingira yake lakini anajitenga nayo vizuri. Ukivutiwa na Planar 110mm f/2, jua kwanza kwamba haina shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ndani: kwenye Hasselblad 500C/M haitakufaa, inahitaji bodi yenye shata yake, za familia ya 2000 au 200.