Barua kwa mwanangu: Yesu, dhehebu na ile bahasha

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Machame. Huku hatujambo. Mvua imenyesha, ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo maziwa yapo ila furaha nusu.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma nikaona nisiujibu kwa vidole kwenye simu. Umeuliza: "Mama, mimi namwamini Yesu, nasali, nasoma Neno. Kuna ulazima gani niwe na bahasha ya KKKT ndipo nihesabiwe Mkristo?" Najua umeuliza ukiwa na hasira, kwa sababu usharika wa huko Dar umekuambia mtoto wako habatizwi mpaka umalize ahadi ya mwaka, ile sadaka unayoiahidi kanisani na kuitoa kwa bahasha.

Kwenye Ulutheri wenyewe, yaani kanisa letu hili la KKKT, sina ugomvi na wewe. Ulutheri wetu tumeupata kwa kuzaliwa upande huu wa mlima. Wamisionari Waanglikana walikuwa wameshafika Moshi, Wajerumani wakawabana mpaka wakaondoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata wakaja wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaanzia hapahapa Machame. Wangebaki wale wa kwanza, leo ungekuwa unanilalamikia habari za Anglikana. Majirani zetu wa Kibosho ni Wakatoliki, na ungezaliwa Rungwe huenda ungekuwa Mmoraviani. Kwa hiyo mtu akikuambia mbinguni wataingia watu wa dhehebu lake tu, muulize kama angezaliwa bonde la pili angesemaje.

Lakini kuna sentensi yako moja imenikalia vibaya. Umeandika, "Sina dhehebu, mimi ni wa Kristo tu." Hebu fungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 1, mstari wa 12. Paulo anawataja waliogawana kanisa: huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa, na wa mwisho anasema, "Mimi wa Kristo." Umeona alipowekwa huyo wa mwisho? Yumo kwenye orodha moja na wagomvi wenzake! Mtu anaweza kumfanya hata Kristo kuwa kikundi chake. Naogopa usije ukaanzisha dhehebu la mshirika mmoja, ambaye ndiye mchungaji, ndiye mzee wa kanisa, ndiye mtunza hazina. Siku akipotoka, nani atamwita kikaoni?

Na hiyo Biblia iliyo kwenye simu yako, ile ya Muungano, haikushuka na intaneti. Ilitoka mwaka 1952. Kabla ya hapo kulikuwa na tafsiri ya Unguja na tafsiri ya Mombasa, kila watu na yao, mpaka wakakubali kukaa meza moja. Hata anayesoma Neno peke yake chumbani ameletewa na vikao vya makanisa. Ubatizo nao ni hivyohivyo. Wewe hukujibatiza, na huyo mjukuu wangu hatajibatiza.

Nikuambie kilichonibakiza mimi. Baba yako alipolala kitandani ile miezi ya mwisho, jumuiya yetu, yaani nyumba jirani tunaosali pamoja, haikungoja kuitwa. Alfajiri nasikia mlango wa jikoni, nakuta kuni zimewekwa, ndizi zimeshamenywa zinaelea kwenye maji zisiwe nyeusi. Na anayezimenya ni nani? Yule mama tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, hadi masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yakang'olewa usiku. Hatukuwa tunasalimiana. Alikaa kwenye kigoda changu, mikono imemganda utomvu, akasema, "Kisu chako ni butu, dada." Basi. Mimi nisingemchagua yule mama kwa lolote. Ningejitengenezea ushirika wangu, ningewaita rafiki zangu wanaonisifia, naye asingekuwemo. Alikuwepo kwa sababu nyumba yake na yangu ziko jumuiya moja, na hakuna aliyetuuliza kama tunapendana.

Mahubiri ya kwenye simu ni mazuri, hata mimi huyasikiliza nikichambua maharage. Ila mhubiri wa kwenye simu hajui kama umelala njaa, wala hajui kama umempiga mkeo.

Sasa habari ya ahadi. Hapo sikutetei kanisa. Kumnyima mtoto ubatizo kwa deni la baba yake ni aibu, na ningesema hivyo mbele ya baraza lolote la wazee. Nimekwisha kusema. Kuna mzee hapa nusura azikwe bila ibada kwa sababu hakuwa ametoa kwa miaka. Tulibishana kikaoni mpaka taa zikawashwa, mwisho mwinjilisti akaenda kumzika na kwaya ikaimba. Ningekuwa nimeshahama, ningebishana nao nikiwa wapi?

Wale walokole wa uamsho uliotoka Rwanda na Uganda walijua hilo. Waliwaambia wachungaji wao usoni kwamba wamepoa, wakatubu hadharani, na wengi wao hawakutoka kanisani. Janani Luwum aliokoka kwenye uamsho huo mwaka 1948, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa kanisa hilohilo, Anglikana la Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Siku chache baadaye akauawa. Ile barua ilikuwa na uzito kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja aliyeokoka nyumbani kwake.

Kwa hiyo, baba yangu, ukitaka kuhamia Moraviani, au kwa hao Wapentekoste wa mtaani kwenu, nenda, sitalia. Kaulize tu kama kuna watu wanaofuatana nyumba kwa nyumba, na kama mapato na matumizi yanasomwa hadharani. Pasiposomwa, toka.

Kuhusu mtoto, nimeongea na mchungaji wetu. Amekubali mumlete huku, abatizwe hapa usharikani Jumapili yoyote ya Desemba, na ahadi yako hakuiuliza. Anataka nakala ya cheti chenu cha ndoa na majina ya wasimamizi wawili, wawe wamepata kipaimara. Nitumie kabla ya mwisho wa mwezi, maana Desemba watu wa mjini mnarudi wote na ratiba inajaa. Na mwambie mkeo asinunue gauni la ubatizo, lako bado ninalo.

Mama yako