Barua pepe ya urithi usioujua
Ndugu, hiyo barua ya wakili anayedai kuwa marehemu mwenye jina la ukoo kama lako ameacha mamilioni ya dola benki ni utapeli wa zamani uitwao 419, jina lililotokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria. Gusa jina la mtumaji uione anwani yenyewe, kwani mara nyingi huyo mheshimiwa wakili hutumia akaunti ya bure ya Gmail. Ukimfuata, atadai ada ya uhamisho, kisha ya kodi, na kila ukilipa itazuka nyingine. Usimjibu hata kwa kumtukana, maana jibu lolote humthibitishia kuwa anwani yako inatumika. Ikiwa umekwisha kumpa namba ya akaunti, iarifu benki yako leo.