Kabla Hujafungua Kabureta Tena, Chungulia Tanki

Juzi kijana mmoja wa bodaboda kutoka Sengerema kanitumia ujumbe: "Kaka, chombo changu kinamisi kikishika mlima. Fundi kasafisha kabureta, wiki haikuisha tatizo likarudi. Sasa ananiambia ninunue tanki jipya." Nikacheka, ila si kwa raha. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa hapa Igoma, Mwanza, na fundi ambaye mpaka leo tukipishana namsalimia nusunusu.

Wakati huo nilikuwa na Boxer ya mkataba, na hesabu ya bosi haingoji. Kabureta inafunguliwa, inapulizwa, nalipa, naondoka. Nikipandisha Bugando na abiria, inakata. Fundi alikuwa akifungua bakuli la kabureta anamwaga unga wa kahawia, anafuta kwa kitambaa, anafunga. Hakuwahi kujiuliza ule unga unatoka wapi. Kwa nini ajiulize, wakati ndio ugali wake?

Nilijiuliza mimi. Nilichomoa tanki nikamulika kwa tochi ya simu: sakafu yote nyekundu kwa kutu, na upande wa koki ya mafuta magamba yanabanduka ukiyagusa na waya. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama na kutulia palepale chini. Na sisi wa kando ya ziwa tunalaza pikipiki na mafuta ya buku tatu. Nafasi iliyobaki ni hewa yenye unyevu, na usiku ukipoa, ule unyevu unageuka matone. Ongeza raba ya mfuniko iliyochoka na maji ya presha ya kuoshea.

Kazi yenyewe ya kuitoa kutu si ya ajabu. Mwaga petroli yote, mbali na jiko na sigara. Toa koki, na geji kama ipo, uzibe matundu. Osha kwa sabuni ya unga, maana siki utakayotia baadaye kula kutu haipenyi kwenye mafuta. Tia nati na vipande vya cheni kuukuu, tikisa mpaka mikono iume. Zihesabu nati wakati wa kuzitia, ili ujue zote zimetoka. Kisha jaza siki nyeupe, ilale humo usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza kwa maji ya magadi kuua asidi, halafu maji safi. Hapa usiende kunywa chai: chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu upya ukiwa unakitazama. Kikaushe upesi juani, kisha zungushia ndani petroli yenye oili kidogo.

Kijiweni watakuambia utumie maji ya betri. Usithubutu, ile asidi haichagui kati ya kutu na bati.

Vijana wenzangu, tunajua kikosi cha Simba na Yanga mpaka wa akiba, lakini hatujui kwamba koki ina chujio! Chombo kinakulisha, kifungue ukijue. Mtu akikupulizia kabureta ileile kila wiki, muulize uchafu unatoka wapi, na asipokuwa na jibu usimpe hela.

Kwa huyo wa Sengerema: ukimaliza tanki, weka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta, ndipo usafishe kabureta. Ila kutu ikitoka ukaona mwanga unapenya upande wa pili, usimpelekee mchomeleaji. Mvuke wa petroli uliojificha humo hulipuka. Hapo fundi wako atakuwa amesema kweli, kanunue.