Usifunge, ila kaza mlangoni

Pole sana mdogo wangu, umeuliza ufunge kikundi chako cha watoto au uendelee maana watatu wameshashikwa na homa ya mafua na wazazi wengine wanadai hela yao. Mi nisingefunga saa hii, labda wewe na msaidizi wako muugue wote hapo hamna namna, ila mlangoni ningekaza. Mtoto mwenye homa asirudi mpaka amalize masaa 24 bila homa NA bila dawa ya kushusha homa, hapo kwenye dawa ndo tunadanganyikaga manake mtoto anapewa asubuhi anakuja kachangamka, ikifika saa tano shavu linawaka moto na kashamkoholea mwenzie usoni. Kwa hiyo mguse shingo wakati unampokea, usione aibu. Ila mtu anaweza kuambukiza siku moja kabla hata dalili hazijatoka hivo usimlaumu mzazi yeyote. Midoli ya manyoya ficha kwanza, bakiza ya plastiki inayooshika, mikono sabuni sekunde 20, madirisha wazi.

Kuhusu hela, usirudishe keshi utakwama kodi, wape siku za kufidia baadaye na uwaandikie wote leoleo kwenye grupu kabla maneno hayajazunguka. Na ukiona mtoto anahema harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, au midomo inageuka rangi, mpigie mzazi hapohapo aende hospitali, usisubiri muda wa kutoka jamani.