Jibu: Je, Versailles ilikuwa anasa tu?

Mkuu, umeuliza kama Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alijenga jumba la Versailles nje ya Paris kwa anasa tu, na kama Tsar Peter wa Urusi alimwiga. Anasa ilikuwepo, ila hofu ilitangulia. Usiku mmoja wa 1651, wakati wa Fronde, yaani uasi wa makabaila na mahakimu dhidi ya serikali ya kifalme, watu wa Paris waliingia hadi chumbani kwa Louis, akiwa bado mtoto, kuhakikisha hajatoroshwa. Alijifanya amelala. Mei 1682 akahamishia serikali Versailles. Kabaila aliyetaka cheo au posho ilibidi aonekane huko, na wakubwa wenye majumba yao wakawa wanagombea nani amshikie mfalme shati asubuhi! Anayegombania shati hana muda wa kukusanya jeshi.

Ajabu ni kwamba mwezi huohuo Peter, hajafikisha hata miaka 10, alishuhudia askari waasi wakiua jamaa zake Kremlin, ngome ya kifalme ya Moscow. Moscow hakuipenda tena. St. Petersburg, mji wake mkuu mpya, aliianza 1703, Versailles akaiona 1717, kwa hiyo kuiga ni kidogo, labda chemchemi za jumba lake la Peterhof. Yeye hakubembeleza mtu kwa shati: makabaila waliamriwa kujenga St. Petersburg, na 1714 akapiga marufuku majengo ya mawe kwingine kote Urusi.