Kutoka 28 hadi 41: ni mafuta ya mawese au ni mvua?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kibirizi, Kigoma. Natengeneza mafuta ya kupaka ya kurutubisha ngozi kwa mawese, nta ya nyuki na asali ninayoletewa kutoka Tabora. Mdogo wangu aliye ng'ambo amenitumia kifaa kidogo cha kupima unyevu wa ngozi. Unakigusisha tu, kinatoa namba. Nikawachukua wanawake 12 wanaoanika dagaa hapa ufukweni, maana ngozi zao zinapauka sana kwa jua. Nimewapima mkononi tarehe 20 Septemba, wakapaka mafuta yangu wiki nne, nikawapima tena tarehe 18 Oktoba. Wastani umepanda kutoka asilimia 28 hadi 41. Picha ya daftari hiyo hapo. Je, naweza kuandika kwenye kopo kwamba yamethibitishwa kisayansi? Na wateja wananiuliza kama yanang'arisha. Hilo nalo linapimwaje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Udaktari sina, mimi ni mfamasia wa hapa Tabora niliyekaa miaka kadhaa kwenye kazi za kupima ngozi. Daftari lako nimelisoma mstari kwa mstari, na nikupongeze kwa jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: umeandika saa. Hizo saa ndizo zilizonipa majibu.

Kipimo cha kwanza kilifanyika saa 9 alasiri, barazani. Cha pili saa 2 asubuhi, ndani ya nyumba. Kati ya hizo siku mbili kiangazi kilikuwa kinaisha na mvua zinaanza kunyesha. Wewe mwenyewe unajua ugoko wa mtu wa Kigoma unavyokuwa Agosti na unavyokuwa Novemba, hata asipopaka kitu. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi ya juu inaunyonya. Kwa hiyo ile tofauti ya 13 imebeba mafuta yako, imebeba mvua, imebeba saa, imebeba na baraza. Kila kimoja kimechangia kiasi gani, daftari haliwezi kusema, kwa sababu hakuna hata mkono mmoja ambao haukupakwa.

Kabla ya kurudi kwenye huo mkono, tukielewe kifaa. Vifaa vya aina hii haviyaoni maji. Vinapitisha umeme mdogo sana kwenye tabaka la nje kabisa la ngozi, lile la seli zilizokufa, ambalo kwenye kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) unene wake ni kama sehemu moja au mbili ya mia ya milimita. Maji yanauitikia umeme kwa nguvu kuliko mafuta: kwenye kipimo ambacho maji yana kama 80, mafuta yana 2 au 3. Kifaa kinasoma mwitikio huo na kuugeuza namba. Vile vikubwa vya maabara, kama Corneometer ya Ujerumani, vinatoa namba isiyo na kizio chochote, na watengenezaji wake hawakuiita asilimia. Vidogo vya mkononi ndivyo vinavyopenda kuandika alama ya asilimia kwenye kioo. Usiiamini. 41 haimaanishi kwamba ngozi ni maji kwa asilimia 41. Maana yake ni kwamba kifaa hichohicho, kwa mtu huyohuyo, kimesoma juu zaidi ya 28. Wala usiilinganishe na jedwali la kifaa kingine ulilolikuta mtandaoni.

Kuna mtego mwingine hapo. Asali inavuta maji na kuyashika, kama glisirini. Ikiwa bado iko juu ya ngozi, kifaa kinaisoma na yenyewe pia, na namba inapaa. Mawese na nta, kinyume chake, vinaweza kuishusha namba mara tu baada ya kupaka, maana kichwa cha kifaa kinagusa mafuta badala ya ngozi. Kwa hiyo aliyepaka asubuhi ile ya kupimwa amekupa kipimo cha kopo. Ukitaka kuijua ngozi, apake mara ya mwisho jana jioni, kisha zipite saa 12 bila kupaka chochote wala kuoga kwa sabuni.

(Na kwa kuwa umeitaja asali: asali haiyeyuki kwenye mafuta. Kama huchanganyi kwa kitu cha kuviunganisha, angalia chini ya kopo baada ya wiki mbili. Ukikuta imejitenga, anayechota juu na anayefika chini wanatumia dawa mbili tofauti, na hakuna kipimo kitakachokubali. Ukiongeza maji ili vishikane, utahitaji na kihifadhi, la sivyo ni ukungu.)

Sasa mkono usiopakwa. Kila mtu anao wa pili bure, na ndio maana kazi hii ni rahisi kuliko kupima dawa ya kunywa. Rusha sarafu kwa kila mshiriki: mwenge, apake kigasha cha kulia, upande wa pili, cha kushoto. Mkono mwingine usiguswe na mafuta yoyote. Aogee sabuni ileile mikono yote, aanike dagaa kwa mikono yote. Mvua ikinyesha, inainyeshea yote miwili. Kisha katika daftari usiandike wastani wa kabla na baada. Andika mkono uliopakwa toa mkono usiopakwa, kwa kila mtu, mwanzoni na mwishoni.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Kama mafuta hayafanyi kitu, mkono uliopakwa kuuzidi mwenzake ni bahati tu, kama sarafu. Ukirusha sarafu mara 12, kupata mwenge mara 10 au zaidi hutokea kama mara 2 tu katika kila majaribio 100. Kwa hiyo wanawake 10 kati ya 12 wakitoka na mkono uliopakwa juu, una haki ya kutabasamu. Mara 9 au zaidi hutokea karibu mara 7 katika 100. Hapo mimi ningeongeza watu kabla ya kusema lolote.

Anayeshika kifaa asijue ni mkono gani uliopakwa. Najua wewe ni mkweli, ila mkono unaotamani jibu hubonyeza kwa nguvu zaidi.

Halafu chumba. Maabara hutumia chumba cha nyuzi 20 hadi 22 na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, na mtu anakaa humo dakika 20 hadi 30 mikono ikiwa wazi kabla ya kuguswa. Sababu kubwa ni jasho. Mimi liliwahi kuniaibisha: tulikuwa tunapima kundi la vijana, umeme ukakatika, feni ikasimama, tukaendelea tu kwa sababu kifaa kilikuwa cha betri. Waliopimwa baada ya hapo wote "waliponywa ukavu" ndani ya nusu saa. Tulitupa siku nzima ya kazi. Huko kwako kiyoyozi si lazima. Chagua chumba cha sakafu ya saruji, funga madirisha ili upepo wa ziwa usipite, pima saa 1 asubuhi kabla jua halijapanda, na ununue kipimajoto kinachosoma na unyevu wa hewa. Andika namba zake pembeni kila siku ya kupima. Anayekuja kwa miguu kutoka mbali aketi zaidi. Tena asinywe chai ya moto hapohapo.

Kwenye kugusisha: kichwa kisimame wima, kibonyezwe sawasawa, kisikae. Ukikiacha kimefunika ngozi sekunde nyingi, maji yanajikusanya chini yake na usomaji wa pili unadanganya. Chukua mara tatu kwenye sehemu tatu zinazopakana, uzijumlishe, ugawe kwa tatu, ufute kichwa kwa tishu kavu. Epuka penye vinyweleo vingi na penye kovu.

Hilo ndilo la unyevu. Lakini neno lako "kurutubisha" linadai zaidi ya unyevu, na hapa ndipo watengenezaji wengi wanapojichanganya. Ngozi ni ukuta. Mtu anayeshinda mikono majini ukimpima akitoka tu, unyevu wake uko juu sana, ilhali ukuta wake umechoka na unavuja. Kuvuja huko kunapimwa na kifaa cha aina nyingine: kibomba kifupi kilicho wazi, ndani kina vihisio vya joto na mvuke, kimoja karibu na ngozi na kingine juu kidogo. Tofauti kati ya vile viwili inaeleza mvuke unaotoka, kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa saa. Kigasha chenye afya cha mtu mzima kinatoa kama 5 hadi 10. Ngozi iliyochubuliwa na sabuni kali, au yenye pumu ya ngozi, inapanda mbali na hapo. Mafuta yaliyouponya ukuta yanaishusha namba hii hata siku kadhaa baada ya kuacha kupaka. Yaliyofunika tu yanaishusha siku hiyohiyo, ukiacha inarudi. Kifaa hicho ni ghali, nacho huathiriwa na hata pumzi ya anayepima. Usikope kukinunua. Ila wazo lake unaweza kulitumia kwa kifaa ulicho nacho: baada ya wiki nne waambie waache kupaka, uwapime tena siku ya 3 na ya 7. Mkono uliopakwa ukibaki juu ya mwenzake siku ya 7, hiyo ni habari kubwa kuliko 41.

Kuna na kipimo cha shilingi chache ninachokipenda. Chukua selotepu angavu, ibandike kwenye kigasha, ipapase kwa kidole, ibandue taratibu, ibandike kwenye karatasi nyeusi. Magamba meupe yanaonekana kama unga. Fanya hivyo kwa uliopakwa na usiopakwa, piga picha kwenye mwanga uleule, mpe mtu asiyejua apange kutoka yenye unga mwingi hadi mdogo. Maabara wanafanya hivihivi, ila kwa vibandiko vya duara vilivyopimwa. Na mwulize mwenye ngozi yake: kuwasha, kwa 0 hadi 10, mkono huu na huu. Kifaa kikipanda pointi 13 na mama akasema bado anajikuna usiku, mimi namsikiliza mama.

Kung'arisha. Mashine zipo: nyingine zinamulika mwanga wa rangi maalumu na kusoma melanini (rangi nyeusi ya asili ya ngozi) na wekundu, nyingine zinasoma weupe na umanjano wa rangi kwa ujumla. Kwako zina tatizo la kuchekesha kidogo. Mawese mekundu yana karotini, na karotini inapaka rangi. Mashine itasoma umanjano umepanda, na huo ni mawese tu, hata kitambaa kingesomeka hivyo. Wekundu nao kwenye ngozi zetu ni mgumu kusoma, kwa sababu melanini inameza sehemu ya mwanga uleule ambao damu inaumeza. Ngozi yetu ikivimba huwa ya zambarau au nyeusi zaidi, na jicho na kidole kinachohisi joto hugundua uvimbe huo kabla ya mashine. Jibu fupi kwa wateja: hayang'arishi, na hayakutengenezwa kwa hilo. Ukianza kulikimbiza neno hilo, hatua inayofuata ni mtu kukushauri uongeze haidrokwinoni au zebaki, ambavyo nchini vimepigwa marufuku kwenye vipodozi.

Kuhusu lebo. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), kwa hiyo kabla ya kuuza mbali pitia kwao. Ukiandika kwamba yanatibu pumu ya ngozi, umetoka kwenye kipodozi umeingia kwenye dawa, huko ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na utafiti wa kuwapima wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wakihusika. Kwa sasa andika kilichomo, kwa mpangilio wa wingi. "Yamethibitishwa kisayansi" iache.

Nikushauri tu ulinganishe na nini, ukirudia. Mkono mtupu ni mpinzani mwepesi. Karibu kila mafuta yatamshinda. Duru ya pili weka mafuta ya mgando ya dukani upande mmoja na yako upande wa pili. Mgando unafunika ngozi vizuri mno na bei yake unaijua. Mteja anayekuongezea pesa kwa ajili ya asali ya Tabora anastahili kujua matokeo ya mechi hiyo.

Na yule wa mstari wa 7, aliyetoka 25 akafika 52. Wengine wote 11 wamepanda kati ya 4 na 16, yeye peke yake 27. Muulize asubuhi ile alipaka saa ngapi.